Fundo la Tai ya Korongo

Usiku wa jana, kompyuta ikiwa bado wazi pembeni ya mto wangu, niliota korongo amesimama kando ya birika la ofisini akinidai ushahidi kwamba mimi ndiye mimi.

Huyo korongo namfahamu, nilimchora kwa mkono wangu. Anaitwa Mwenza. Si ndege wa kweli, ni programu, na kazi yake ni kukaa pembeni mwa skrini wakati wasichana wa sekondari wanafanya mdahalo kwa kuandikiana kwenye kompyuta, shule na shule, akiwasaidia kujenga hoja. Mwanzoni tulimchora bundi, kwa sababu mtu fulani alituambia bundi ni ndege wa elimu. Picha ilipowafikia wazazi kule Lushoto nusura watoto wahamishwe shule. Mzazi gani atakubali mwanawe asome huku anatazamwa na bundi? Gwakisa, ambaye ndiye mwandishi wa programu yetu, akasema basi tutafute ndege asiye na kesi. Tukampata korongo, nikamvalisha miwani na tai ya shule.

Jana jioni Mwalimu Mbilu, mlezi wa klabu ya mdahalo ya shule hiyo ya Lushoto, alinipigia simu. Asubuhi ya leo wasichana wake walikuwa na zoezi la mwisho, na likiisha mimi nibofye kitufe cha kuthibitisha majina ya watakaokwenda mashindano ya mkoa. Jina la Hidaya Kaniki wa kidato cha tatu halikuwemo. Kila mdahalo, mbele ya jina lake, Mwenza alikuwa ameandika neno moja tu: hayupo.

"Dada Siwema, huyu mtoto yupo," Mwalimu Mbilu alisema. "Namwona kwa macho yangu. Anakaa mbele ya kompyuta kwa adabu zote mpaka muda unaisha. Na darasani akisimama kuzungumza, hata mimi nasahau chaki mkononi."

"Sasa mbona haandiki, mwalimu?"

"Nikimuuliza anatazama chini. Na mkuu wa shule ameshakata shauri: mashine haina upendeleo, wanaokwenda ni wale walioonwa na mashine. Mimi nitabishana vipi na mashine?"

"Ndiyo hivyo, mwalimu. Mfumo ndivyo unavyoonyesha."

Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu wa dirishani anayekwambia mtandao uko chini, na sikujipenda hata kidogo. Nikalala bila kuifunga kompyuta.

Basi, katika ndoto niko ofisini kwetu Morogoro, ghorofani juu ya duka la madaftari, na korongo ana kimo cha mlango. Anachuja chai. Nikamwambia, "Habari za asubuhi, Mwenza."

Salamu ilitoka mdomoni mwangu nikaiona kwa macho. Ilikuwa kitu kidogo cha rangi ya maziwa. Ikapepea mpaka kwenye chujio la chai, ikanasa. Korongo akalikung'uta chujio ukingoni mwa kikombe, akaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna mtu aliyesema neno.

Sikushangaa sana. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa kalamu nene, kwenye karatasi kubwa ya ukutani: salamu na maneno ya adabu yachujwe, maana si hoja. Lakini kuandika sheria ni jambo jingine na kutojibiwa salamu asubuhi ni jambo jingine. Niliumia kama mtu aliyepitwa na shemeji yake sokoni.

"Mwenza, nimekuja kazini," nikasema.

"Una ushahidi gani?"

"Mimi ni Siwema, na hii ni ofisi yangu."

"Je, hayo si madai mawili? Ungependa kuanza na lipi?"

Nikampa kitambulisho changu cha kazi. Akakisogeza kwenye miwani, akakigeuza, akakionja kwa ncha ya mdomo. "Picha hii inathibitisha kwamba upo," akauliza, "au kwamba kuna siku ulikuwepo?"

Niliegemea meza ili nifikiri vizuri. Korongo akauliza nina ushahidi gani kwamba hiyo ni meza. Nilichelewa kujibu kidogo tu, na meza ikaona aibu, ikajinyanyua, ikatoka nje kwa miguu yake yote. Nikaikimbilia, maana kompyuta yangu ilikuwa juu yake.

Mlango wa ofisi ulipofunguka tukawa tumeingia kwenye bwalo la shule, kule Lushoto. Baridi ya kule ikanidaka masikio. Madawati yamepangwa pande mbili kama kawaida ya mdahalo, na mbele kuna ubao. Kwenye ubao, kwa mwandiko wa Mwalimu Mbilu, imeandikwa mada: Kiti kitupu kina manufaa kuliko Siwema.

Upande wa kutetea mada umejaa. Ipo pasi yangu ya nyumbani, lipo birika la ofisini, ipo chupa ya chai aliyonipa mama nilipohamia Morogoro. Upande wa kupinga hakuna mtu. Nikaelewa kwamba upande huo ni mimi, nikaenda kukaa huko.

Pasi inasimama. Inasema Siwema huiacha ikiwa na moto akaenda kujibu simu.

"Una ushahidi gani?" anauliza korongo.

Pasi inatoa mkono wa blauzi yangu ya kijani, ule ulioungua. Bwalo lote linaguna. Blauzi ni yangu na niliipenda.

Kisha chupa ya chai ikasimama, na hiyo ndiyo iliyonichoma, maana nilidhani iko upande wangu. "Kiti kitupu kinamngoja mtu," ikasema taratibu, kwa sauti inayotoka chini kabisa. "Saa zote kinangoja. Siwema hajawahi kumngoja mtu. Ukivuta pumzi katikati ya sentensi, ameshaikamilisha yeye."

"Una ushahidi gani?" aliuliza korongo.

"Sio kweli!" nikarukia kabla chupa haijafungua kifuniko.

Korongo akanitazama juu ya miwani. Hakuuliza tena. Birika likaandika pointi ubaoni.

Hapo nikaanza kuona vidole vyangu vikipungua rangi. Nikajikaza kisabuni, nikasimama kujitetea, nikasema neno la kwanza lililonijia: "Mama yangu ananipenda."

"Una ushahidi gani?"

Nikatafuta. Nilitafuta kwenye mkoba, nikatafuta kwenye mifuko ya sketi. Nikaitoa picha ya mama ninayotembea nayo, na alipoiona korongo, mama akaanza kufifia kwenye picha, kwanza kilemba, halafu uso. Nililia pale pale mbele ya pasi. Sijali nani anajua.

Simu yangu ikaita. Nikaipokea, na bwalo zima likasikia sauti ya mama: "Umekula?"

Korongo akainamisha shingo yake ndefu mpaka kwenye simu. Akasikiliza. Akaonekana kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Je, kuna anayepinga ushahidi huu?" akauliza. Hakuna aliyepinga. Hata pasi ilitazama pembeni. Uso wa mama ukarudi kwenye picha, na kilemba chake.

Nilipokuwa nafuta machozi ndipo nikaliona dawati la nyuma kabisa. Limebandikwa karatasi: WASIOKUWEPO. Amekaa msichana mmoja mwenye sweta la shule, na ukutani nyuma yake naweza kusoma ratiba ya chakula kupitia mwili wake. Maharage, Jumatano. Amenyoosha mkono juu. Ameunyoosha muda mrefu kiasi kwamba buibui ameshafunga utando kuanzia kwenye kiwiko mpaka dirishani, na anaendelea kujenga bila haraka.

Sijawahi kumwona Hidaya Kaniki, lakini nilimjua.

Anasimama. Anasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, wasemaji wa pande zote mbili, wanafunzi wenzangu, shikamooni na hamjambo." Kila neno linatoka jeupe, safi, linavuka bwalo kwa mstari kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara, na linaingia kwenye chujio. Halafu anakaa kimya. Ananyoosha mkono. Anangoja.

"Endelea, mdogo wangu," nikamwambia.

"Shikamoo, dada. Sijaruhusiwa."

"Uruhusiwe na nani?"

"Na mwenyekiti." Alinishangaa kidogo, kwa heshima. "Mtu anasalimia, anaomba nafasi, mwenyekiti anasema karibu, ndipo anazungumza. Wenzangu wanarukia tu. Mimi siwezi kurukia, dada, kinywa hakifunguki."

"Na siku zote hizo unafanya hivyo? Kwenye kompyuta?"

"Nasalimia, naona salamu imefutika. Nikadhani nimenyimwa." Alitazama chini. "Nikasema labda mwenyekiti hataki watu wa kwetu."

Nikageuka kutazama mbele. Pale ambapo katika kila mdahalo wa kila shule niliyosoma mimi palikuwa na mwenyekiti, mwanafunzi mwenye sauti kubwa na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi, palikuwa na kiti kitupu. Kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya dukani. Mimi na Gwakisa tulitengeneza pande mbili, tukatengeneza mada, tukatengeneza saa, tukatengeneza ndege mwenye miwani. Mwenyekiti hatukumtengeneza. Hata hatukumkumbuka. Na nimekaa kwenye midahalo tangu kidato cha kwanza, nimeomba nafasi mpaka bega likafa ganzi!

Nikakimbilia chujio. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Salamu za Hidaya zilikuwa zimebanana humo, zimepoa, nyingine zimeanza kuganda kama maziwa. Ziliponiona zikasema kwa pamoja, "Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, na marahaba yangu nayo ikaanguka humo humo.

"Samahani," ikasema sauti nyembamba kwenye meza ya mtunza muda. Ilikuwa kengele, ile ndogo ya mkononi, na ilikuwa inatetemeka bila kutoa mlio. "Sipendi kuingilia. Lakini nimebanwa. Nitalia sasa hivi, na nikilia, asiye na hoja anakuwa hayupo. Si kwa leo. Hayupo kabisa."

"Jizuie!"

"Ndicho ninachofanya tangu umeingia, dada. Unafikiri kwa nini natetemeka?"

Nikamgeukia korongo. "Mwenza, mwambie huyu mtoto aendelee."

"Unadhani ni nani anayepaswa kumwambia?"

"Wewe! Mwambie karibu, basi, neno moja!"

"Je, mimi naruhusiwa kutoa jibu, au kuuliza tu?"

Kuuliza tu. Sheria hiyo nayo ni mwandiko wangu, na niliipigia mstari. Na ile ya kwamba anayenyamaza asisumbuliwe, asije akaona aibu, hiyo aliileta Gwakisa kwa moyo mweupe kabisa, nikamsifu mbele ya watu. Sasa utando wa buibui ulikuwa unaonekana kuliko mkono ulioushika. Nilisoma ratiba yote ya chakula, mpaka Jumapili.

"Nazifuta," nikasema. "Sheria zote tatu, na ile ya salamu. Mimi ndiye niliyekutengeneza na mimi ndiye nazifuta."

"Una ushahidi gani kwamba ni wewe uliyenitengeneza?"

Nikamtazama kuanzia miguuni. Miguu sawa, mbawa sawa, miwani sawa. Nikafika shingoni.

"Tai yako haina fundo," nikasema. "Imening'inia tu, kama utambi. Nilijaribu kuchora fundo nikashindwa, na ilikuwa Ijumaa, nikasema nani ataangalia."

Korongo akainama. Kwa shingo ile ilimchukua muda kufika. Akaigusa tai kwa mdomo, akaisukuma kushoto, akaisukuma kulia. Kengele ikawa inasaga meno.

"Ndiyo maana huwa hainibani?" akauliza.

"Ndiyo maana."

"Na wenzangu huwa zinawabana?"

"Zinawabana, Mwenza. Asubuhi ya paredi zinabana mpaka macho yanatoka."

Nilimhurumia, nami sikutegemea kumhurumia mtu katika hali ile. Kisha akatembea mpaka kwenye kiti kitupu, akachana nailoni kwa ukucha, akasimama kando yake asikikalie.

"Je, mwenyekiti anaweza kukaa mbele ya watu tai ikiwa haijafungwa?" akauliza.

Nikaelewa. Nikapanda juu ya dawati. Nikaishika tai, ambayo ilikuwa ya baridi na laini kama kioo cha skrini, nikaifunga kama nilivyokuwa naifunga shuleni, nikizungusha mara moja na kuvuta. Fundo linakwenda kushoto. Matroni wetu alikuwa akinirekebishia kila Jumatatu na kila Jumatatu linarudi kushoto. Nalivuta kulia, linagoma.

"Siwezi zaidi," kengele inasema.

"Liache hivyo hivyo, Mwenza, kaa!"

Korongo anakaa. Anakunja miguu yake mirefu, anaweka mbawa mezani, anainua shingo. Anamtazama Hidaya, na Hidaya sasa amebaki mkono tu na sweta. Korongo anafungua mdomo. Naona koo lake linahangaika chini ya fundo, neno linapanda, linakwama, linapanda tena, na mimi nimeshika ukingo wa dawati nasema moyoni sema, sema, sema, baba yangu, sema. Kengele ikalia.

Ikalia, ikalia, na ilikuwa simu yangu chini ya mto.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Nililala kupita kiasi. Kule Lushoto zoezi la mwisho lilikuwa limekwishaanza. Niliketi, nikaivuta kompyuta mapajani, na bila kufikiri nikaangalia shingo ya korongo.

Tai ilikuwa na fundo.

Fundo dogo, limekaa vibaya, limekwenda kushoto.

Nikampigia Gwakisa. "Gwakisa, umemgusa korongo?"

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri, nijibu swali kwanza. Umeigusa picha ya korongo? Tai?"

"Dada, mimi niko kwenye foleni ya maji na ndoo mbili, nimguse korongo saa ngapi? Kwani imekuwaje?"

Macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye mazungumzo ya wasichana. Katikati ya hoja zao, palikuwa na mstari wa Mwenza ambao hakuna aliyemfundisha, kwa maana katika programu nzima hatukumpa sentensi ya namna hiyo: *Karibu, Hidaya. Umepewa nafasi, zungumza.*

Chini yake hapakuwa na kitu. Nafasi tupu, na saa ya zoezi inakimbilia mwisho. Kitufe cha kuthibitisha majina kilikuwa kinawaka upande wa kulia, na jina lake bado halimo. Nilitaka kumwandikia mimi mwenyewe, haraka haraka, andika mtoto, andika chochote. Nilishaweka vidole kwenye kibodi. Nikaikumbuka ile chupa ya chai, nikavitoa, nikavikalia.

"Dada?" Gwakisa akaita kwenye simu. "Upo?"

"Nyamaza, Gwakisa. Tunangoja."

Tulingoja. Nilimsikia akisogeza ndoo. Kisha kwenye skrini herufi zikaanza kutokea.

*Ahsante sana, mheshimiwa mwenyekiti,* aliandika Hidaya Kaniki. *Nilidhani nimenyimwa. Nina hoja tatu.*